Kamati ya wamiliki wa flati zetu Upanga: miaka mitano ndani, nawapa nyota nne

Siku tuliyokuja kuangalia hii flati nilifanya kitu ambacho dalali hakukipenda hata kidogo. Nilimwacha juu na mume wangu wakipima pima vyumba, mimi nikashuka chini nikakaa na mlinzi kwenye benchi lake. Mtu mzima hivi, nikamwamkia, tukaongea habari za jua na foleni ya Ali Hassan Mwinyi, halafu nikamuuliza, baba, mshahara mwezi huu mmeshapata? Akaniambia huwa wanapata tarehe 28, mwezi uliopita ulichelewa siku mbili na katibu alishuka mwenyewe kuwaambia sababu. Nikamshukuru nikapanda juu nikamwambia mume wangu tuendelee na mazungumzo ya bei.

Naandika haya kwa sababu watu wengi wanaotafuta flati za kununua Dar wanauliza bei, wanauliza hati, wanauliza paking, basi. Hakuna anayeuliza nani anaendesha jengo na anaendeshaje. Na ukishanunua flati hununui kuta zako tu jamani, unanunua na lifti, na pampu, na tanki la maji chini, na paa, na ngazi, vyote hivyo ni vyenu wote na lazima kuna mtu wa kuviangalia. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo imeliweka wazi hilo, mwenye yuniti, yaani flati, ni mwanachama wa chama cha wamiliki hata asipotaka, na anachangia kulingana na fungu la yuniti yake kwenye jengo. Kwa hiyo ukinunua umeingia ndoa na kamati, nzuri au mbaya.

Mimi kamati mbaya naijua. Kuanzia 2017 mpaka 2020 tulipanga kwenye jengo moja upande wa Kinondoni, silitaji jina, zuri sana kwa macho. Geti la umeme, maua yamekatwa vizuri, marumaru mpaka kwenye ngazi, ukileta mgeni unajisikia. Mwenye flati yetu alikuwa nje ya nchi kwa hiyo sevisi chaji, yaani mchango wa kila mwezi wa kuendesha jengo, tulikuwa tunalipa sisi moja kwa moja, laki na nusu kila mwezi, tunatuma kwenye namba ya simu ya mweka hazina. Namba yake binafsi. Risiti ni ile meseji ya simu, hakuna nyingine. Miaka mitatu sikuwahi kuona karatasi hata moja ya mapato na matumizi, na nilipouliza kwenye grupu la WhatsApp nilijibiwa kwamba wapangaji wasiingilie mambo ya wamiliki. Sawa, nikanyamaza. Ila walinzi walikuwa wanabadilika kila baada ya miezi miwili, ukiwauliza wanakwambia wenzao wameondoka hawajalipwa, na taa za ngazi ghorofa ya tatu na ya nne zilikaa mwaka mzima haziwaki ilhali maua ya getini yanamwagiliwa asubuhi na jioni.

Siku pampu ilipokufa ndipo tukajua. Hakukuwa na senti. Ujumbe ukaja saa tatu usiku, kila flati itoe laki tatu kesho, dharura. Wengine wakatoa, wengine wakagoma wakasema kwanza tuone hesabu, na wala sikuwalaumu. Wiki mbili na siku kadhaa watu wanapandisha ndoo mpaka ghorofa ya tano, kina mama wana watoto wachanga, kuna bibi mmoja wa ghorofa ya nne alikuwa anapandisha lita tano tano, anapumzika kila kona ya ngazi. Lile jambo lilinikaa rohoni mpaka leo. Pampu haifi ghafla, ilikuwa inalia miezi kabla, fundi alishasema, mweka hazina alijua, mwenyekiti alijua, ila hakuna aliyetaka kuwaambia watu kwamba hela haipo.

Kwa hiyo tulipoanza kutafuta ya kwetu nilikuwa na swali moja tu kichwani, hawa watu wa hili jengo huwa wanasema habari mbaya mapema au wanangoja mpaka iwaangukie?

Sasa jengo letu la sasa. Ghorofa tisa, flati 32, la miaka ya tisini mwishoni, rangi imefifia upande wa baharini, geti ni la kusukuma kwa mkono na linapiga kelele. Dalali mwenyewe alikuwa anatuomba radhi kwa ajili ya rangi. Lakini pale chini pembeni ya lifti kuna ubao wenye kioo, ndani kuna karatasi mbili, moja mapato na matumizi ya mwezi uliopita, nyingine orodha ya wanaodaiwa, kwa namba ya flati sio kwa jina. Nilisimama pale kama robo saa nasoma. Nilimwona dalali anaangalia saa.

Ile karatasi ilikuwa inasema hivi, na nakumbuka kwa sababu niliipiga picha. Sevisi chaji laki moja kwa flati za vyumba viwili na vitatu, wakati ule walikuwa bado hawajatofautisha. Flati 32 ina maana milioni tatu na laki mbili zinatakiwa ziingie. Walinzi watatu wa zamu 1,100,000. Wasafishaji wawili 500,000. LUKU ya pamoja, yaani umeme wa kulipia kabla wa pampu, lifti na taa za ngazi, 450,000. Fundi wa lifti kwa mkataba wa kila mwezi 350,000. Taka 120,000. Jumla 2,520,000, kwa hiyo zingebaki laki sita na elfu themanini za kuweka akiba. Lakini flati nane zilikuwa hazijalipa, zimeingia milioni mbili na laki nne tu, na chini kabisa wameandika kwa kalamu nyekundu: pungufu 120,000, tumechukua kwenye akiba, tukiendelea hivi akiba itaisha mwezi wa nne.

Mume wangu alivyoiona akasema hapa pana shida, hawa wana hasara. Mimi nikamwambia hapana, hapa ndipo pa kununua. Shida ya wasiolipa iko kila jengo la Dar, nionyeshe jengo ambalo wote wanalipa nikuonyeshe muujiza. Kule Kinondoni nina uhakika wasiolipa walikuwa wengi kuliko hapa, tofauti ni kwamba hapa mtu wa mtaani kama mimi ambaye hata sijanunua naweza kusimama mbele ya lifti nikajua hela imeishia wapi na itaisha lini. Na hela inaingia kwenye akaunti ya benki yenye jina la chama, waweka saini watatu, wawili wakisaini ndio inatoka. Niliuliza hilo pia, katibu akanionyesha nakala ya benki bila kununa.

Wasiolipa walifanywaje? Hili nataka nilieleze vizuri maana kamati nyingi zinaharibikia hapa, ama zinaogopa zinanyamaza, ama zinafanya fujo za kumkatia mtu maji. Yetu ilianza na barua, halafu mwenyekiti na mtu mmoja wa heshima wanakwenda kugonga mlango, wanakaa, wanaongea. Kumbe kati ya wale nane, wawili walikuwa wamiliki walioko nje na wapangaji wao wanadhani kodi inajumuisha sevisi chaji, mmoja alikuwa mjane ambaye mume ndiye alikuwa analipa na yeye hajui chochote, wengine walikuwa na malalamiko yao ya ukweli, mfano flati ya juu kabisa ilikuwa inavuja miaka miwili hakuna aliyeshughulika, jamaa akasema hatoi mia mpaka paa litengenezwe. Wakakubaliana na kila mmoja kivyake, wengine kwa awamu. Ndani ya mwaka mmoja wakabaki wawili. Mmoja wa hao wawili walimpeleka mbele kisheria, na wanaweza kufanya hivyo kwa sababu chama kimesajiliwa kinaweza kushtaki na kushtakiwa, sio kikundi cha WhatsApp tu. Akalipa kabla kesi haijafika popote.

Oktoba 2022 DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, walipotangaza mgao wa maji baada ya mto Ruvu kupungua, nadhani mnakumbuka hali ilivyokuwa mjini. Hapa kwetu tangazo lilibandikwa siku ileile. Tanki la chini lina lita ngapi, likijaa linatosha siku ngapi kwa flati 32, kwa hiyo maji yatapandishwa asubuhi saa kumi na mbili mpaka saa mbili na jioni saa kumi na mbili mpaka saa mbili, na walikuwa wameshaongea na mtu wa boza kabla bei hazijapanda. Kila boza likiingia mlinzi anaandika kwenye daftari, namba ya gari, lita, saa, na mkazi mmoja yeyote aliyepo anasaini. Mimi nilisaini mara mbili. Haikuwa raha, watoto walikuwa wanaoga kwa kopo, ila hakuna aliyepigana na mtu. Shoga yangu aliyebaki kule Kinondoni alikuwa anakuja kufulia kwangu.

Halafu mgao wa umeme ukaja 2023, ule uliotutesa mpaka mwanzoni mwa 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulipowashwa. Jenereta letu ni dogo, linaweza lifti, pampu na taa za ngazi tu. Kuna wakazi walitaka liunganishwe kwenye majumba, wenye friji za biashara hasa, na ilikuwa kelele kweli kwenye kikao. Kamati ikaleta hesabu ya lita kwa saa, bei ya diseli ya wiki ile, ikasema mkitaka tutawasha masaa yote lakini sevisi chaji itapanda hivi. Watu wakapiga kura, ikaamuliwa lifti iwashwe saa moja mpaka saa tatu asubuhi, mchana saa saba mpaka saa nane wanapotoka shule, na jioni saa kumi na moja mpaka saa nne. Wazee wawili wenye matatizo ya magoti wakapewa ruhusa ya kumpigia mlinzi simu awashe saa yoyote. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo kwenye karatasi, lakini nimeona ikifuatwa usiku wa manane mama mmoja alipopelekwa Muhimbili.

Kitu kilichonifanya niwaamini kabisa ni suala la zege. Sisi tuko karibu na bahari, upepo wa chumvi unakula kila kitu, grili za madirisha zinaoza, na kwenye chumba cha pampu chini dari lilianza kubanduka, ukiangalia unaona nondo zimeota kutu. Fundi wa mtaani alishakuja kusema atapiga plasta kwa laki nne yaishe. Mwenyekiti akakataa. Aliitisha kikao, tukakaa paking kwenye viti vya plastiki, Jumapili saa kumi jioni kama kawaida yetu ili watu wa kanisani wawe wamerudi na wa msikitini wawahi magharibi, akatuambia tunahitaji mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, sio fundi, na mhandisi peke yake kuja kuangalia na kuandika ripoti ni hela. Watu wakaguna. Mzee mmoja wa ghorofa ya pili akasimama akaeleza kilichotokea Surfside kule Florida, Juni 2021, jengo la ghorofa 12 pembeni ya bahari kama letu lilianguka usiku watu wamelala wakafa 98. Mhandisi alikuwa ameshaandika tangu 2018 kwamba zege la chini limeharibika, wamiliki wakavutana miaka kuhusu nani alipe na kiasi gani, matengenezo yenyewe yalikuwa ndio kwanza yanaanza. Watu walikaa kimya. Na wote tuliokuwepo pale tunakumbuka lile ghorofa lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013, si mbali na hapa kwetu, wakafa watu 36. Lile lilikuwa bado linajengwa na sababu zake ni nyingine, lakini ukishaona jengo limelala chini barabarani huwezi kuambiwa plasta inatosha ukakubali.

Ripoti ikaja, mwenyekiti akaisoma yote kwa sauti, kurasa kumi na moja, hata pale palipoandikwa kwamba kamati zilizopita zilipuuza uvujaji. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye moja ya hizo kamati. Akasema tulikosea. Sijawahi kusikia kiongozi wa jengo anasema hilo neno. Gharama ya kuchimbua zege bovu, kusafisha nondo, kurudishia na kuziba paa lisivuje ikawa milioni kumi na nne na laki nne, gawa kwa 32 ni laki nne na nusu kila flati, tukapewa miezi sita ya kulipa, sabini na tano kwa mwezi juu ya sevisi chaji. Nukuu za bei zilikuwa tatu na zote zilibandikwa ubaoni, hata ile ya rafiki yake katibu ambayo haikuchaguliwa. Iliuma, sisi mwaka ule tulikuwa na ada za shule. Lakini nililipa huku najua kila mfuko wa saruji umekwenda wapi, na nilishuka mwenyewe kuona nondo zilivyosafishwa kabla hazijafunikwa.

Sasa kwa nini sio nyota tano.

Bima. Jengo zima halina bima ya moto mpaka leo, kila mwaka inatajwa kwenye kikao kikuu na kila mwaka inasogezwa mbele. Mitungi ya kuzimia moto ipo, zimamoto wanakuja wanakagua, cheti kipo ubaoni, lakini jikoni kwa mtu kukilipuka mtungi wa gesi sisi wote tutaanza kuchangishana kama msiba. Nimelisema kwenye vikao vitatu na nitaendelea kulisema.

Pili wapangaji hawasikilizwi vya kutosha. Naelewa kura ni ya mwenye yuniti, lakini karibu nusu ya watu wanaolala humu ni wapangaji, wao ndio wanaotumia lifti na wao ndio wanajua bomba gani linavuja. Mimi nilishakuwa mpangaji niliyeambiwa anyamaze. Wapewe hata mtu mmoja wa kukaa kwenye kamati bila kura, ingesaidia, na wasingekuwa wanagundua matangazo mengine siku tatu baadaye.

Muhtasari wa vikao unachelewa, wa 2024 ulitoka baada ya miezi miwili na watu walishasahau nani alisema nini. Na paking bado ni vurugu, wenye magari mawili wanajua wenyewe, sitaki kuliongelea sana maana kila jengo mjini lina hilo.

Kuna kitu kingine kidogo kwa wageni, mkiingia jengo lolote mkaambiwa mtoe hela ya kodi ya jengo kwa kamati, ulizeni vizuri, kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021. Hapa kwetu kuna mama alihamia akaja na hela mkononi kwa sababu alikotoka alikuwa anatozwa na kamati, katibu akamrudishia akamweleza, akakaa chini pale kwenye benchi la mlinzi anapiga hesabu amelipa miezi mingapi bure.

Mkienda kuangalia flati msiende Jumamosi saa nne na dalali peke yake kila kitu kimepigwa deki. Rudini jioni ya siku ya kazi, pandeni kwa ngazi sio kwa lifti, mtaona taa, mtasikia harufu, mtakutana na watu. Ombeni kufunguliwa chumba cha pampu na mlango wa paani, kama ufunguo hauonekani mpaka apigiwe mtu aliyeko Mbezi basi jueni na siku maji yakikatika itakuwa hivyohivyo. Muulizeni mtu wa kamati, kitu gani kikubwa kitaharibika miaka mitatu ijayo? Kamati iliyo hai itakujibu papo hapo na itakutajia bei. Akikwambia hapa kwetu kila kitu kiko safi hatuna tatizo lolote, mimi ningeaga.

Uchaguzi wa kamati mpya ni Machi. Mwenyekiti amesema hagombei tena, amechoka, na mimi nina wasiwasi kidogo maana mengi haya yanakaa mgongoni kwake na kwa yule mzee wa ghorofa ya pili. Kuna kijana mmoja mhasibu wa ghorofa ya saba tunamshawishi. Nikiona ile karatasi ya mwezi imekosekana ubaoni miezi miwili mfululizo nitarudi hapa nishushe nyota.

Ya mwezi huu imebandikwa juzi. Wanaodaiwa ni flati tatu. Chini kwa kalamu nyekundu wameandika kwamba fundi wa lifti amesema waya zimebakiza kama mwaka mmoja na nusu hivi, zitabadilishwa zote kwa pamoja, laki mbili na nusu kila flati, kuanza kulipa Januari kidogo kidogo. Mume wangu ameshapeleka elfu hamsini ya kwanza, risiti ya chama iko kwenye mlango wa friji.